Jina Linapohama: Chapa, Mawakala na Gharama ya Rangi Kandokando ya Ziwa

Mwezi Agosti 1858, John Hanning Speke alifika kwenye vilima vya Mwanza, akayatazama maji yaliyotanda mbele yake, kisha akayapa jina la malkia wa nchi yake. Wakazi wa ufuko huo walikuwa wakiyaita Nyanza tangu enzi za babu zao. Hakuna aliyewauliza. Jina jipya likaingia kwenye ramani, kutoka kwenye ramani likaingia shuleni, na kutoka shuleni likaingia vinywani mwetu sote. Tangu siku hiyo, historia ya Mwanza ni pia historia ya majina yanayoamuliwa mbali na kutumiwa hapa.

Katika zama zetu wabadilishaji wa majina si wapelelezi tena, bali ni kampuni. Novemba 2024, kampuni ya simu iliyojulikana nchini kwa jina la Tigo ilitangaza kwamba sasa inaitwa Yas, na huduma ya Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Namba za wateja hazikubadilika na salio halikupotea. Hata hivyo, kuanzia Igoma hadi Kirumba, kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi, na ng'ambo ya maji huko Ukerewe na Sengerema, kila kibanda, kila mwavuli, kila kibao cha namba ya malipo na kila ukuta uliopakwa rangi kwa jina la zamani ulikuwa umepitwa na wakati kwa siku moja.

Swali ninalotaka tulitafakari ni jepesi kulitamka, lakini gumu kulijibu. Mwenye chapa anapoamua kuibadilisha, yule anayefanya biashara chini ya chapa hiyo ana wajibu gani? Je, analazimika kufuata? Gharama ni za nani? Na akikataa, anapoteza nini? Wanasheria wa nchi zilizoendelea hulijadili jambo hili chini ya somo la franchaizi, yaani utaratibu ambapo mwenye jina, mbinu na sifa ya biashara humruhusu mtu mwingine azitumie kwa masharti na malipo. Kwetu somo hilo halijapewa uzito, ilhali maelfu ya wananchi wanaishi ndani yake kila siku.

Historia inatupa aina tatu za mabadiliko ya jina, na kila aina huzaa wajibu wake. Tukizichanganya, tutamdhulumu mtu.

Aina ya kwanza: mwenye jina mwenyewe anapokufa

Mwaka 1955, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake yakiwa Mwanza. Chini yake kulikuwa na mamia ya vyama vya msingi vijijini. Chama cha msingi kilipima pamba, kilimlipa mkulima, kisha kilipeleka mzigo kwenye kiwanda cha kuchambulia. Mkulima aliiamini mizani ile kwa sababu ya jina lililokuwa nyuma yake. Kabla ya hapo alikuwa ameumizwa sana na mizani ya walanguzi. Jina la shirikisho lilikuwa na maana moja kwake: hapa hutaibiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliingilia kati uongozi wa shirikisho hilo, na likageuzwa kuwa Nyanza Cooperative Union. Jina la malkia likaondoka na jina la wenyeji likarudi. Kwa upande wa fahari ya taifa, hilo lilikuwa jambo la kupendeza. Kwa upande wa mwanachama, maswali yalikuwa mengine: mali zilizonunuliwa kwa makato ya pamba yake ni za nani sasa, na madeni atayalipa nani? Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Baada ya sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1982, vyama vikuu vilirudi mwaka 1984. Hapo Mwanza tukapata chama kinachobeba mwaka huo ndani ya jina lake: Nyanza Cooperative Union (1984).

Mabano hayo si pambo. Ni tangazo la kisheria kwamba huyu ni mtu mpya, hata kama sura yake ni ya yule wa zamani. Hapa ndipo penye funzo la aina ya kwanza. Iwapo mwenye jina amekufa kisheria, mkataba aliouingia hauwezi kuendelea wenyewe kama mto unaotafuta bonde. Lazima pawepo na sheria au makubaliano yanayohamisha haki na wajibu kutoka kwa marehemu kwenda kwa mrithi. Pasipokuwepo, aliyekuwa chini ya jina la zamani halazimiki kumtumikia mrithi kwa kuwa tu wanafanana majina.

Aina ya pili: mtu ni yuleyule, vazi ni jipya

Mwaka 2011 Vodacom iliacha rangi ya bluu ikavaa nyekundu, ikifuata vazi la kampuni mama ya Vodafone. Kampuni haikuuzwa kwa mtu mwingine, jina halikubadilika, na M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, iliendelea kuitwa M-Pesa. Mei 2021 kampuni ya mafuta ya Total ilijiita TotalEnergies duniani kote, na vituo vyake vikaanza kubadilishwa nembo. Katika mifano yote miwili, mwenye chapa ndiye yuleyule aliyesaini mkataba. Ameamua tu kubadili vazi.

Kwa aina hii wajibu wa mtumiaji wa chapa uko wazi zaidi. Aliyeomba kufanya biashara kwa jina la mwingine alikubali tangu mwanzo kwamba hana mamlaka juu ya jina hilo. Hawezi kung'ang'ania bluu wakati wenzake wote wamevaa nyekundu, kwa sababu thamani ya chapa ni kufanana. Msafiri anayetoka Shinyanga akiingia Mwanza anatafuta alama anayoijua, na kila kibanda kinachobaki nyuma kinamchanganya. Kwa hiyo, mikataba ya namna hii duniani kote huwa na kifungu kinachompa mwenye chapa haki ya kubadili alama na kumtaka mtumiaji afuate ndani ya muda uliotajwa.

Mfano bora wa uhusiano huu kandokando ya ziwa hauko kwenye simu, bali kwenye soda. Kiwanda cha Nyanza Bottling cha Mwanza huzalisha vinywaji vya Coca-Cola kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. Mfumo huo ni wa zamani na unajulikana: mwenye chapa hutoa kiini cha kinywaji na haki ya kutumia jina, naye mzalishaji wa eneo hununua sukari, hutafuta maji, hujaza chupa, huendesha magari na kuajiri watu. Alama ikibadilika, gharama haiishii kwenye karatasi. Iko kwenye kreti, kwenye majokofu ya madukani, kwenye magari, na kwenye chupa za kioo zinazorudi kiwandani mara nyingi kabla ya kuvunjika. Ndiyo maana katika biashara ya soda mabadiliko ya alama huingia polepole, na chupa ya zamani na mpya hukaa kwenye kreti moja kwa muda mrefu bila mteja kulalamika. Mzalishaji mkubwa ana mwanasheria, ana mhasibu, na ana nguvu ya kusema: nipeni muda, tugawane gharama.

Mwenye kibanda hana mwanasheria wala mhasibu.

Aina ya tatu: jina linaondoka na muuzaji

Hii ndiyo aina iliyotawala Tanzania katika miaka 20 iliyopita, na ndiyo isiyoeleweka vizuri. Kampuni inauzwa, lakini jina haliuzwi pamoja nayo. Mnunuzi anapata minara, leseni, wateja na wafanyakazi, huku jina likirudi kwa muuzaji kama nguo iliyoazimwa harusini.

Fuateni mfano wa Celtel. Kampuni hiyo, iliyotokana na juhudi za Mo Ibrahim barani Afrika, ilinunuliwa mwaka 2005 na kundi la Kuwait, na Agosti 2008 ikaitwa Zain. Mwanzoni mwa 2009 ikaja huduma ya kutuma pesa ya Zap. Juni 2010 kampuni ya Bharti Airtel ya India ikanunua shughuli za Zain katika nchi nyingi za Afrika kwa takriban dola bilioni 10.7, na kabla ya mwaka huo kwisha tukawa na Airtel. Jina la Zain lilibaki kwa wenyewe huko Kuwait. Wakala aliyeanza na Celtel alipaswa, ndani ya takriban miaka miwili na nusu, kuvaa majina matatu bila kuhama kibanda. Zap nayo ikapisha Airtel Money.

Katika miaka hiyohiyo, BP iliuza biashara yake ya mafuta nchini kwa Puma Energy, huku serikali ikibaki na nusu ya hisa. Vituo vilivyokuwa na kijani na njano ya BP vikapata alama ya puma. Ng'ambo ya mpaka, KenolKobil ya Kenya ilinunuliwa mwaka 2019 na Rubis ya Ufaransa, na majina ya Kenol na Kobil yaliyozoeleka barabarani yakaanza kutoweka.

Mfano wa Tigo unatufunza zaidi. Kampuni ya Millicom iliuza shughuli zake za Tanzania kwa wawekezaji walioongozwa na kundi la Axian la Madagaska, na mauzo yakakamilika mwaka 2022. Jina la Tigo, hata hivyo, ni mali ya Millicom, ambayo inaendelea kulitumia Amerika ya Kusini na ya Kati. Kampuni iliyojulikana kisheria kama MIC Tanzania ikawa Honora Tanzania, huku barabarani ikiendelea kuitwa Tigo kwa muda. Kwa maneno mengine, kwa kipindi hicho kampuni yenyewe ilikuwa ikitumia jina la mwingine. Mwenye kibanda wa Nansio alikuwa mpangaji wa mpangaji, na huenda hakujua.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Siku mwenyewe akiitaka, hutasitirika kwa kusema kwamba umeizoea. Kwa aina hii ya tatu, wajibu wa kuacha jina la zamani hautokani tu na amri ya kampuni mpya. Unatokana na haki ya mwenye alama aliyeondoka. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inampa aliyesajili alama haki ya kuitumia peke yake kwa bidhaa au huduma zilizoandikishwa. Muda wa ruhusa ukiisha, anayeendelea kulitangaza jina hilo kibiashara anaweza kuonekana mvamizi, hata kama jana alikuwa wakala halali. Wakala anapaswa kulijua hili, na mwenye wajibu wa kumweleza mapema ni yule aliyempa jina.

Sheria yetu inasema nini?

Tanzania haina sheria mahsusi ya franchaizi. Afrika ya Kusini, kwa kulinganisha, iliingiza jambo hili katika Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008: mkataba lazima uwe wa maandishi, na anayepewa chapa anaweza kujitoa ndani ya siku 10 za kazi baada ya kusaini. Malaysia ilitunga sheria ya franchaizi tangu 1998. Sisi tunategemea vipande vya sheria mbalimbali.

Kipande cha kwanza ni Sheria ya Mikataba, iliyorithi mafundisho ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Msingi wake ni ridhaa. Upande mmoja hauwezi kubadili masharti ya msingi peke yake, isipokuwa mkataba wenyewe uliruhusu. Hivyo swali la kwanza la wakala ni hili: nilisaini nini? Kama karatasi inasema kampuni inaweza kubadili alama na mimi nitafuata kwa gharama zangu, basi nimejifunga. Kama karatasi inasema nitafuata lakini imenyamaza kuhusu gharama, ukimya huo haupaswi kusomwa kana kwamba ni saini yangu ya kulipa.

Sheria hiyohiyo ina mafundisho ya uwakala, nayo ndiyo silaha iliyosahauliwa. Wakala wa pesa kwa simu hafanani kabisa na mpokea franchaizi wa kawaida: halipi ada ya jina, bali anapata kamisheni kwa kazi anayoifanya kwa niaba ya mwingine. Kanuni kongwe ya uwakala inasema aliyemtuma mtu anapaswa kumkinga dhidi ya matokeo ya matendo halali aliyoyafanya kwa kutumwa. Kwa maoni yangu, kubandua kibao kwa agizo la kampuni ni tendo la aina hiyo. Mahakama ndiyo yenye neno la mwisho, lakini hoja ipo, na inastahili kupelekwa huko na chama cha mawakala badala ya kulalamikiwa vijiweni.

Kipande cha pili ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara na kuipa Tume ya Ushindani nafasi ya kuingilia. Kipande cha tatu ni usajili wenyewe. Alama hulindwa kwa mipaka ya eneo: iliyosajiliwa BRELA kwa Tanzania Bara haijalindwa Zanzibar, ambako kuna sheria yao ya mali za viwanda ya mwaka 2008, wala haijalindwa Kisumu au Kampala. Anayemwambia wakala avae jina jipya anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba jina hilo ni lake mahali hapo. Wakala akishtakiwa na mtu mwingine kwa kutumia alama aliyopewa, mzigo huo ni wa aliyempa.

Nani alipe rangi?

Watetezi wa kampuni watasema kwamba mara nyingi kampuni hupaka rangi bure, hutoa miavuli na fulana bure, na kwamba wakala anafaidika na matangazo. Kuna ukweli katika hoja hiyo, na haifai kuibeza. Lakini inasahau mambo mawili. La kwanza, ukuta wa kibanda ni eneo la matangazo ambalo kampuni ingelilipia kama lingekuwa bango la barabarani. Mwenye kibanda amelitoa bila kodi. La pili, gharama kubwa ya kubadili jina haiko kwenye kopo la rangi. Iko kwenye imani.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mama mwenye kibanda mwaloni. Mvuvi anarudi alfajiri, anauza samaki, anataka kuweka pesa. Anaona jina asilolijua. Anauliza: pesa zangu za jana ziko wapi? Ni yule mama, si mkurugenzi wa masoko, atakayesimama dakika 15 akieleza kwamba ni kampuni ileile, namba ileile, salio lilelile. Atafanya hivyo kwa wateja 40 kwa siku, wiki kadhaa, bila kamisheni hata ya shilingi moja. Wakati huohuo matapeli hupenda sana majira ya mabadiliko, kwa maana mteja aliyechanganyikiwa huamini simu yoyote inayosema "tunahamisha akaunti yako". Hasara ikitokea, lawama humfikia kwanza mtu aliye karibu.

Kwamba gharama hizi zinaweza kupangwa mapema, tunao ushahidi. Juni 2017, Barclays ya Uingereza ilipopunguza hisa zake katika kundi la benki lililoko Afrika Kusini, pande mbili zilikubaliana kipindi cha mpito cha miaka 3 cha kuendelea kutumia jina, na Barclays ikatoa pauni milioni 765 kugharimia utengano huo. Matokeo yake tuliyaona hapa nchini Februari 2020, Barclays Bank Tanzania ilipokuwa Absa. Wakubwa walipoachana, walikaa mezani, wakahesabu, wakaandika nani atalipa nini na kwa muda gani. Hakuna sababu ya kimaumbile kwa nini hesabu hiyo isimfikie mtu wa mwisho kwenye mnyororo.

Kwa hiyo, napendekeza kanuni ambayo wizara yenye dhamana ya biashara, Benki Kuu na TCRA wanaweza kuijadili bila kusubiri sheria kubwa. Anayebadili jina kwa manufaa yake alipe gharama za vitu vinavyoonekana, na amlipe wakala posho ya kipindi cha mpito kwa kazi ya kuwaelimisha wateja. Taarifa itolewe kwa maandishi na kwa Kiswahili kabla ya tangazo kwa umma, siyo baada yake. Vifaa vya zamani vikusanywe na kampuni, ili wakala asibaki na ushahidi wa kosa ambalo hakulitenda. Asiyetaka kuendelea na jina jipya aruhusiwe kuondoka na floti yake na kamisheni yake bila adhabu.

Upande wa pili nao una wajibu, na mwanaharakati atakayewaficha mawakala ukweli huu atakuwa amewaumiza. Wakala asiendelee kutumia jina la zamani baada ya muda kwisha kwa sababu tu wateja wanalijua. Asifunike nusu ya kibao ili apate wateja wa majina yote mawili. Asome mkataba kabla ya kusaini, na adai nakala yake. Wapo wengi ambao hawana nakala ya karatasi inayoyatawala maisha yao, na huo ndio mlango wa dhuluma zote nilizozitaja.

Wakulima wa pamba wa miaka ya 1950 hawakusubiri mlanguzi awe mwema. Walijiunga, wakaleta mizani yao, wakaajiri makarani wao. Mawakala wa leo ni wengi kuliko walivyokuwa wajumbe wa vyama vya msingi wakati ule, na wana simu mkononi za kuwaunganisha ndani ya saa moja. Speke hakumuuliza mtu, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumwandikia barua. Kampuni zinazobadili majina leo zina anwani, zina msajili, zina mdhibiti, na zina mikataba yenye sahihi. Jina lijalo litakuja, kwa kuwa biashara ya dunia haikai mahali pamoja. Kazi ya kuandika kifungu cha nani atalipa ifanyike sasa, kabla kopo la rangi halijafunguliwa.